Windows ipo lakini haionekani

Morogoro, Jumatano usiku

Baba Nuru,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama anakusalimu, na hela yako ya mchele naikumbuka, usinianze. Miezi miwili kimya, leo nabisha hodi na shida. Unanijua.

Ile flashi yako nimeitumia. Linux ikakaa kando ya Windows bila matata, nikajisifu hadi kwa shemeji. Kuwasha tena, GRUB, ile programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, inaleta orodha: Linux peke yake. Windows haimo! Na mahesabu ya VICOBA yote yako huko. Jasho lilinitoka.

Nikadhani ni os-prober, kile kitafutaji cha mifumo mingine, maana tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 inakuja imezimwa. Nikafungua /etc/default/grub, nikaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, nikapiga update-grub. Wapi!

Usiku wa manane ndipo nikatafuta folda ya /sys/firmware/efi, alama ya Linux kuwaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine. Haipo. Kumbe flashi iliwaka kwa Legacy, ile njia ya zamani, na Windows yangu ni ya UEFI. GRUB iliyowaka kwa Legacy haiwezi kuiita Windows hiyo, uibembeleze usiibembeleze. Data ni salama, nimeziona: nikiingia BIOS, mipangilio ya mashine, nikachagua UEFI, Windows inawaka, nikirudisha Legacy, Linux. Basi nimekuwa mume wa wake wawili, kila mmoja na zamu yake, na kila kuhama nipitie BIOS.

Saa nayo imevurugika. Linux inaiandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, inabaki nyuma saa 3 kamili. Jana inaniambia saa tatu na nusu asubuhi, msikitini wanaadhini adhuhuri.

Fundi wa stendi anataka afute diski nzima. Nimemnyang'anya mashine mkononi. Yule bwana na kufuta... basi, tuyaache.

Sasa niambie. Nikiwasha flashi kwa UEFI, naweza kuweka grub-efi, yaani GRUB ya UEFI, bila kuinstoli Linux upya? Kile kipande cha diski cha EFI, chenye faili za kuwashia Windows, ni MB 100, kitatosha? Windows ikishtuka ikadai ufunguo wa BitLocker, kufuli yake ya diski, zile tarakimu 48, nitazitoa wapi? Na wewe ulijua flashi inawaka kwa njia mbili, mbona hukunitonya? Mkutano ni Jumamosi na mweka hazina ndiye mimi. Nisubiri, au unapanda basi Ijumaa? Ukija, hela ya mchele utaikuta mezani.

Wako,
Mjomba wa Nuru