Kabla ya lile shuti

Magomeni, Dar es Salaam
16 Julai 2024

Mgosi wangu, mwalimu mwenzangu,

Salaam nyingi. Barua yako imefika na swali lako nimelielewa: uwafundisheje vijana shuti la Yamal. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita, Lamine Yamal wa Hispania alipowafunga Ufaransa kwa shuti la mbali kwenye nusu fainali ya Euro huko Munich, vijana wako hawataki tena zoezi la pasi. Kila mmoja anasimama mita 25 kutoka golini, anakata ndani, anafumba macho na kuachia, halafu mpira unatafutwa kwa majirani hadi magharibi. Huku Dar ni hivyo hivyo, usidhani wagosi wa Tanga mmelogwa peke yenu.

Vibanda umiza vyote tunakotazamia mpira vina kesi tatu. Ya kwanza ni ya umri: "Huyo ni kijeba, miaka 16 gani ile?" Tumezoea vijeba kwenye mashindano ya watoto mpaka hatumwamini mtoto wa kweli. Lamine Yamal amezaliwa tarehe 13 Julai 2007, na usiku ule wa Munich alikuwa na miaka 16 na siku 362. Rekodi ya mfungaji mdogo kuliko wote kwenye Euro ilikuwa ya Johan Vonlanthen wa Uswisi, aliyefunga mwaka 2004 akiwa na miaka 18 na siku 141, naye pia aliwafunga Ufaransa. Wanaobisha waonyeshe ile picha ya mwaka 2007 iliyopigwa kwa ajili ya kalenda, Messi akimwogesha kwenye beseni. Kijeba gani huyo anaogeshwa na Messi?

Ya pili ni kumlinganisha na Messi mwenyewe, na hiyo nitaipita haraka maana haina faida kwa mtoto yeyote. Ya tatu ni maneno ya Rabiot, kiungo wa Ufaransa. Kabla ya mechi alisema kijana akitaka kucheza fainali itabidi afanye zaidi ya aliyokwisha kuyafanya. Basi dakika ya 21 akawa ni yeye Rabiot aliyesimama mbele yake, na baada ya filimbi ya mwisho kijana akaigeukia kamera akisema mtu aongee sasa. Washabiki wamekunywa chai na hilo wiki nzima. Ila ukimwondoa Rabiot mdomo wake, utabaki na kosa la miguu linalofaa darasani kwako.

Rudia bao lile uliangalie taratibu. Ufaransa wanaongoza, Kolo Muani kafunga kwa kichwa dakika ya 9 kutokana na krosi ya Mbappé. Yamal anapokea nje ya kumi na nane, upande wa kulia kuelekea katikati. Rabiot anamkabili lakini hauzibi mguu wa kushoto. Anarudi nyuma akiacha nafasi ya kama mita mbili, kwa sababu anaogopa pasi. Kijana anautikisa mwili, anausogeza mpira kushoto, kidogo tu, kisha anapiga kwa upande wa ndani wa mguu. Mpira unaanza safari kama unatoka nje, unajipinda, unagonga mlingoti wa kulia kwa golikipa Maignan kwa ndani na kuingia. Dakika nne baadaye Olmo anapachika la pili, mechi imekwisha 2-1.

Washabiki waliona shuti. Mwalimu anapaswa kuuliza kwa nini Rabiot aliogopa pasi, na jibu liko kwenye mechi zilizotangulia. Bao hilo ndilo pekee alilofunga kwenye mashindano yote. Pasi za mabao alitoa nne. Tatu ni za kabla ya Ufaransa: kwa Carvajal dhidi ya Croatia, kwa Fabián dhidi ya Georgia, kwa Olmo dhidi ya Ujerumani. Ya nne ilifuata juzi kwenye fainali ya Berlin, kwa Nico Williams, dakika ya 47. Zote zilianzia upande wake wa kulia, na mabeki walijua kabisa kwamba akikata ndani kuna mtu anapita. Yule anayepiga kila akikata ndani, beki anamjua kwa mara ya pili tu, anaweka mguu na kazi imekwisha. Yamal alilipia shuti lile kwa pasi za wiki tatu. Waambie vijana hivyo, na uwaonyeshe zile pasi nne kabla ya kuwaonyesha bao.

Sasa zoezi. Kosa la kwanza utakaloliona ni la upande. Wengi wa watoto wako wanatumia mguu wa kulia, lakini kwa kumwiga wanasimama kulia, wanakata ndani, halafu wanapiga na kushoto wasikokuweza, au wanauparaza mpira kwa nje ya mguu wa kulia. Yamal anatumia kushoto ndiyo maana anasimama kulia. Wa mguu wa kulia wapeleke kushoto, hapo wanapocheza namba kumi na moja. Wa kushoto, kama unao wawili watatu, wabaki kulia.

Usianze na mita 25. Kwa miaka 13 hadi 15 weka koni kwenye mita 14 hadi 16, yaani ndani kidogo ya mstari wa kumi na nane, karibu na pembe ya boksi. Ukiwaacha mbali watatafuta nguvu, na anayetafuta nguvu anapiga kwa kamba za kiatu, mpira unanyooka. Chomeka kijiti mita tano mbele ya mlingoti wa mbali, kwenye mstari wa kutoka koni hadi mlingotini. Sharti ni mpira upite nje ya kijiti kisha urudi ndani ya goli. Kijiti hicho kinafundisha kuliko maneno yako na yangu, kwa sababu mtoto anaona mwenyewe kama umejipinda au umeenda moja kwa moja.

Mpokeaji asimame mwili ukiwa nusu umegeukia goli, asipokee akiwa amempa beki mgongo mzima. Mguso wa kwanza unautuliza, wa pili unausogeza ndani kwa pembe, mpira uishie kama hatua moja mbele yake. Mguso huu wa pili ndio unaoharibika zaidi. Ukiwa mrefu, beki anafika. Ukiwa mfupi, mpira unakwama chini ya mwili, nyonga haina nafasi ya kuzunguka, na hapo utaona mtoto anapiga huku anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Mguu wa kuegemea utue pembeni ya mpira, umbali wa shibiri moja au zaidi kidogo, nyuma yake kwa inchi mbili tatu. Kifundo cha mguu unaopiga kikazwe. Mpira uguswe na mfupa ulio chini ya kidole gumba, sehemu ya chini, upande wa nje wa mpira, na mguu uendelee kupita mbele ya mwili.

Mpira ukiruka juu ya mtambaa wa panya, mara nyingi kifua kilikuwa nyuma. Mwambie aangushe kidevu kuelekea mpira, usimwambie "usilale nyuma", maana hajui alilala. Ukienda moja kwa moja kwa golikipa, alipiga katikati ya mpira. Ukijipinda lakini ukafa njiani, kifundo kilikuwa legevu. Na ukitoka nje ya mlingoti kila mara, angalia mguu wa kuegemea: umeelekezwa kona ya uwanja badala ya kwenye kijiti.

Kuhusu mipira, mgosi, najua hali ya gozi zenu. Walio na miaka 12 kushuka chini wape saizi 4, wa 13 na kuendelea saizi 5, ambayo mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70 na uzito gramu 410 hadi 450. Ule mpira ulioshonwa mara tatu umekuwa kama embe dodo. Hauwezi kujipinda sawasawa hata apige nani, utumie kwa mazoezi ya kutuliza tu. Upepo ubonyeze kwa vidole gumba viwili: ubonyee kidogo tu. Na kusi hili la Julai linavuma alasiri mpaka linabeba mpira. Ikibidi geuza goli, mtoto asisifiwe wala kugombezwa kwa kazi ya upepo.

Baada ya wiki moja ongeza beki, kwanza wa kusimama tu mita mbili mbele, halafu wa kucheza kweli. Ongeza na mkimbiaji wa kupita nyuma ya beki kuelekea mlingoti wa mbali. Hapa ndipo zoezi linapokuwa zoezi. Beki akirudi nyuma, piga. Beki akisogea kuziba, mkimbiaji yuko peke yake, toa. Katika kila majaribio matano, matatu yawe pasi hata kama mtoto ananuna. Mkimbiaji naye afundishwe wakati wa kuondoka: aanze mpigaji anapofanya mguso wa pili. Akitangulia kabla ya hapo ataotea, na lawama itamwangukia mtoa pasi bure.

Idadi sasa, na hapa nitakuwa mkali. Mashuti matano kwa mzunguko, mtoto arudi akitembea, mizunguko mitatu. Jumla 15, siku mbili kwa wiki, na katikati siku mbili za kupumzika shuti. Anayetaka 50 mnyang'anye mpira. Shuti la kuzungusha linavuta misuli ya kinena na nyonga kwa namna ambayo pasi haivuti, na mtoto wa miaka 14 mifupa yake bado inakua. Maumivu chini ya kifuniko cha goti au nyuma ya kisigino kwa umri huo yasipuuzwe kwa kuambiwa "jikaze". Akichechemea siku inayofuata, apunguziwe. Akichechemea wiki nzima, apelekwe kwa daktari. Kabla ya mashuti wafanye lile zoezi la kulala ubavu, mguu wa juu umeegeshwa kwenye benchi au kushikwa na mwenzake, wananyanyua kiuno juu na kushusha, mara tano hadi nane kila upande, seti mbili. Wataona la kike. Wafanye hivyo hivyo.

Kwa nini nasisitiza? Angalia vijana wa Barcelona, klabu ya Yamal, waliotangulia kushangiliwa. Ansu Fati alifunga kwa Hispania dhidi ya Ukraine Septemba 2020 akiwa na miaka 17, Novemba goti likaharibika, akapasuliwa mara kadhaa. Pedri alichaguliwa mchezaji bora kijana wa Euro iliyopita, tuzo ile ile aliyopewa Yamal juzi. Msimu ule wa 2020–21 alicheza mechi 73 za klabu na taifa, hadi fainali ya Olimpiki mwezi Agosti, na baada ya hapo msuli wa paja haukumwacha kwa amani. Gavi alikatika mshipa wa goti Novemba mwaka jana, kwenye mechi ya taifa dhidi ya Georgia. Si haki kusema wote waliumizwa na uchovu, goti linaweza kuondoka kwa kugongana tu au kukanyaga vibaya. Lakini Pedri hesabu yake inaonekana kwa macho. Na huyu wetu wa miaka 17 ameshacheza mechi 50 za Barcelona msimu huu, kisha saba za Euro.

Washabiki hawatamhesabia. Mshabiki kazi yake ni kutaka aonekane Jumamosi, na wiki ijayo asipofunga watasema amevimba kichwa. Huko kwenu wazazi ndio washabiki wenyewe, wanataka mtoto acheze timu ya shule asubuhi, chandimu mchana na yako jioni. Chukua daftari, andika dakika za kila mtoto, zote, pamoja na za chandimu. Muulize mtoto mwenyewe, baba atapunguza. Ikikaribia michezo ya shule, ambayo mechi zake zinafuatana karibu kila siku, yale mashuti 15 yafute kabisa wiki hiyo.

Wanaokuambia kijana mwenye kipaji aache shule, wajibu kwamba Yamal alikwenda Ujerumani na madaftari yake ya sekondari na akafaulu akiwa kambini. Sheria ya kule kuhusu kazi za watoto nayo hairuhusu mwanamichezo wa chini ya miaka 18 kuwa kazini baada ya saa tano usiku, na nusu fainali ilianza saa tatu kwa saa zao. Vijiwe vya hapa vimecheka sana kusikia Hispania ingeweza kutozwa faini kwa kumchezesha mtoto usiku.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye mechi ile nyuma yake alicheza Jesús Navas, miaka 38, kwa kuwa Carvajal alikuwa na kadi nyekundu. Ukiweza, mpange winga wako mdogo mbele ya beki mzee wa timu, yule anayepiga kelele. Winga wa miaka 14 husahau kurudi, na anahitaji mtu wa kumwita kwa jina.

Mipira miwili saizi 5 na koni kumi nitazikabidhi kwa basi la Ijumaa asubuhi, zipokee mwenyewe stendi ya Kange. Pampu siipeleki, ile ya mwaka jana mnayo. Ukijibu niambie una watoto wangapi wa mguu wa kushoto na wana umri gani, tujue kama zoezi la upande wa kulia tulitenganishe au tuwaache wachanganyike.

Msalimie mama watoto na wazee wa kijiweni.

Mwalimu mwenzio,
Magomeni