Kwako mwana wa mama, popote ulipopiga hema

Assalamu alaikum. Simu zangu hupokei na ujumbe huujibu, basi nakuandikia hapa mbele ya watu, maana najua huwa unapitia.

Kutembea kwako sina ugomvi nako. Maili 800 za Arizona Trail, ile njia ya miguu huko Marekani, kutoka mpaka wa Meksiko hadi Utah, karibu kilomita 1,290, nawe unazipunguza kipande kwa kipande kila ukipata likizo, peke yako, mzigo mgongoni kama mchukuzi wa marobota Gikomba. Kwenye tanga jirani mmoja aliniuliza, kwani huko hakuna matatu? Nikacheka na msiba wangu.

Mama alicheka zaidi siku ile ya kitana. Mtu ana upara, anabeba kitana jangwani! Ukamweleza ni cha kuchomolea miiba ya cholla, aina ya dungusi kakati, kwa kuwa ukiishika kwa mkono inahamia mkononi. Majirani walisimuliwa wiki nzima. Na ulipomwambia maji ya mto Gila ni tope, lazima uyaache yatue kwanza la sivyo chujio linaziba, alikuuliza: "Na shabu huna?" Shabu ya pipa letu la Majengo. Ukanyamaza. Nakumbuka ulivyonyamaza.

Ila nikushauri kama dada: nunua kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Kinaenea kiganjani. Makorongo yako hayana mtandao, na kifo hakingoji mtu afike barabarani. Mama alifariki Ijumaa alfajiri. Kwako ilikuwa bado Alhamisi jioni, saa 10 nyuma yetu, na asubuhi yake ulikuwa umeshavuka daraja la Kelvin, la mto Gila. Tulimzika Kariokor baada ya swala ya Ijumaa. Nilikutumia "nipigie" mara tisa, nipigie tu, kwa sababu habari ile haiandikwi. Tiki moja. Jumamosi kutwa, tiki moja.

Jumapili jioni khitma inaelekea ukingoni, simu ikatetemeka mapajani mwangu. Si yangu, ya mama. Picha ya saguaro, dungusi kakati refu la jangwani, tawi lake moja juu kama mkono, na maneno yako: "Mama, huu hukaa miaka 50 na zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza. Huyu anakusalimia." Nikaifungua. Tiki zikageuka bluu. Ukaandika papo hapo: "Nimefika Picketpost salama. Dada ananitafuta, kuna nini?"

Watu wanaitikia amina, mimi nimeshika simu ya maiti inaulizwa swali.

Ukanipigia. Nikaiacha iite. Ukapiga tena, na tena. Nilikujibu baada ya Isha, na hilo ndilo unalonishikia hadi leo. Unasema nilikaa kimya ukadhani mama anasoma. Haya, nilikaa kimya. Ulikuwa peke yako kwenye maegesho ya magari mlimani, miguu imechubuka, hujanywa chai. Ningekwambia hapo hapo, ungemlilia nani? Nilitaka upate japo gari la kukurudisha mjini.

Na lile jingine, la wiki tatu alizolala bila mimi kukwambia, lilikuwa neno lake. "Mwache amalize kipande chake." Hata birika hawezi kuinua, bado anakulinda. Mimi ndiye niliyempeleka msalani usiku, mimi ndiye niliyeulizwa kila ukipiga "Mama hajambo?" nikasema hajambo. Wewe ungesemaje, naye amekukazia macho kutoka kitandani?

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia.

Kuna kitu chako hapa. Alinituma nikakitafute Gikomba kabla hajazidiwa: kitana cha chuma, meno mapana, kwa sababu ulimwambia cha plastiki kimekatika. Kipo kabatini mwake, kimefungwa kwenye gazeti. Sikitumi kwa posta.