Saa 24 za Kwanza: Barua kwa Mwanangu aliye Dar

Wete, Pemba

Assalaam alaykum mwanangu,

Ile habari uliyonitumia juzi usiku nimeisoma mara mbili. Chini yake umeandika: "Baba, kumbe homa ya ini ina dawa ya kuponya kabisa, basi nitaisubiri hiyo." Habari ni ya kweli, lakini si yako. Inazungumzia homa ya ini aina ya C, na wewe, na mimba yako hiyo, una B. Hivyo ni virusi viwili visivyo na udugu wowote. Vimepewa jina moja kwa kuwa vyote makazi yao ni ini.

Dawa ya C, sofosbuvir, iliidhinishwa Marekani mwisho wa mwaka 2013. Ikiunganishwa na mwenziwe, mgonjwa humeza kwa wiki 12 na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Waliokigundua kirusi chenyewe walipewa Nobeli mwaka 2020, na wamestahiki. C kinaponeka kwa sababu hakiingii kwenye kiini cha seli. Shughuli zake zote hufanya nje ya kiini, ukikifungia njia kimekwisha. B kinaingia mpaka ndani ya kiini na kuacha hati yake humo, uzi mdogo uliojikunja duara, na kila nakala mpya inatoka kwenye hati hiyo. Tenofovir, vile vidonge ulivyopewa ukaviacha, inazuia nakala zisikamilike. Hati ya asili haiigusi. Ndiyo maana mtu akiacha vidonge kirusi kinarudi, na mara nyingine kinarudi kwa vishindo, ini likavimba ghafla mtu akawa manjano macho na mkojo.

Hata B inatafutiwa dawa, sitaki nikuvunje moyo. Ipo moja, bepirovirsen, sindano ya kila wiki kwa wiki 24. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2022: kwa waliopata dozi kamili, kama mtu mmoja katika kila 10 alimaliza miezi sita baada ya sindano bila kirusi kuonekana kwenye damu. Kwa sisi tuliozoea kusikia "haiponi", hilo ni jambo kubwa. Kwa mja mzito wa wiki 22 si jambo la kusubiri. Mtoto hasubiri utafiti.

Na hapo ndipo penye roho yangu, mwanangu. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa B, mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Hawafiki 5 katika 100 wanaobaki nacho. Mtoto mchanga akikipata siku ya kuzaliwa, kama 90 katika 100 hubaki nacho maisha yao yote, maana mwili wake haujakitambua kuwa ni adui. Wanaishi nacho kimya miaka 30 au 40, ndipo ini linasinyaa au linaota saratani. Dawa ya kumkinga ni chanjo ya nusu mililita, na inataka kuingia ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Kila saa ikipita kinga inapungua. Ukiweza saa 12, bora zaidi.

Usije ukaambiwa "mtoto kashachanjwa" ukaridhika. Mtoto akizaliwa huchomwa ya kifua kikuu kwenye mkono wa kulia na kutiwa matone ya polio mdomoni, na watu huita hizo "chanjo za kuzaliwa". Hizo mbili si za ini. Ile ya tano kwa moja inayo ya homa ya ini B ndani yake, lakini inaanza wiki ya 6, halafu ya 10 na ya 14. Kwa mtoto wako wiki 6 ni nyingi mno, na hiyo ya tano kwa moja haifai kutangulizwa kwa mchanga. Inatakiwa ile inayosimama peke yake, ya homa ya ini B tupu, ipigwe kwenye nyama ya paja upande wa nje. Si kwenye tako. Paja lipanguswe damu ya uzazi kwanza ndipo achomwe. Zile tatu za baadaye anazipata kama watoto wengine.

Wewe uliniambia unataka kuja kujifungulia Wete, kwa mama yako, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Nilipokubali nilikubali kwa furaha, sikukubali kwa akili. Nimelifikiri upya. Nani atanihakikishia kuwa siku utakayoshikwa na uchungu kichupa hicho kimo kwenye friji? Cha kuagizwa kutoka ng'ambo ya bahari ndicho ninachokiogopa zaidi. Chanjo hii haiharibiwi sana na joto, inaharibiwa na barafu. Inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8. Ikishuka chini ya sifuri kidogo tu, nusu nyuzi, inaganda, ile chumvi ya alumini iliyomo inajikusanya mabonge, na ikiyeyuka inaonekana kama kawaida lakini haina kazi. Mtu mwenye huruma anachukua pakiti za barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza, kavu, nyeupe, anakibana kichupa katikati, anapanda boti akijiona amefanya la maana. Pakiti ziachwe nje kwanza mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Wachache wanaosubiri.

Na kile kialama cha mraba ndani ya duara kwenye kichupa hakikwambii habari ya kuganda. Kinahesabu joto tu: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, iko salama na joto, ukilingana rangi au ukizidi kuwa mweusi, itupwe. Kuganda hujulikana kwa kutikisa. Unachukua kichupa kingine cha aina hiyo hiyo kilichogandishwa makusudi kikayeyuka, unavitikisa pamoja, unaviweka mezani vitulie. Kile unachokishuku kikitua mashapo upesi sawa na mwenziwe, kimeharibika. Naandika haya ili ujue kwa nini nasema zaa huko huko Dar. Mama yako atakuja yeye. Nimeshamwambia, amenuna siku mbili, sasa anakunja nguo.

Kazi yako, na uifanye wiki hii, si mwezi wa nane wa mimba: nenda ulipopanga kujifungulia, uliza wodini na si mapokezi, "Chanjo ya homa ya ini B ya mtoto mchanga ipo? Inakaa friji gani? Usiku na Jumapili ufunguo anao nani?" Swali la ufunguo ndilo kubwa. Watoto huzaliwa usiku. Ikiwa haipo, uliza duka la dawa kubwa linalotunza chanjo, ulipie mapema, ibaki kwao mpaka siku yenyewe. Usiitie friji yako, rafu yake ya juu inagandisha hata mchicha. Majibu yako yaandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa wino unaoonekana, na mumeo ayajue kwa kichwa, kwa sababu wewe siku hiyo hutakuwa wa kusema.

Zipo pia sindano za kinga tayari, zinazopigwa paja la pili ndani ya saa 12. Zikipatikana ni nyongeza nzuri, lakini ghali na adimu. Zisikuzuie. Tenofovir kwako na chanjo ya saa 24 kwa mtoto zinafanya kazi kubwa sana zikiwa pamoja.

Nikirudi kwenye tenofovir. Nimekujua tangu mdogo, huachi jambo kwa sababu ya habari ya kwenye simu. Nadhani wifi yako kaiona chupa. Anajua, kama wajuavyo wengi, kuwa dawa hiyo imo kwenye dawa za virusi vya UKIMWI. Ni kweli imo. Ndiyo maana kliniki walikupima kwanza ukawa huna, maana mwenye navyo hapewi tenofovir peke yake, virusi vikaizoea. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na kama hakuelewa anipigie mimi. Lakini usizimimine kwenye kimfuko. Kile kijidude kigumu ndani ya chupa kinakunywa unyevu, na Dar kwa unyevu haina tofauti na kwetu. Bandua karatasi ya nje ukitaka, vidonge viache ndani ya chupa yake.

Kimoja cha miligramu 300, kila siku, saa ile ile. Kichefuchefu kikikushika meza usiku baada ya kula, haidhuru. Ukisahau asubuhi ukakumbuka alasiri, meza. Ukikumbuka karibu na saa ya kesho, ruka, usimeze viwili. Wapime kreatinini ya figo. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umerahisisha mambo: antijeni ya e, alama kwenye damu kuwa kirusi kinazaana kwa wingi, ikiwa chanya, au virusi uniti 200,000 na zaidi kwa mililita, mama anaanza miezi mitatu ya katikati, na pasipo na vipimo hivyo viwili, kila mja mzito mwenye B anaweza kupewa. Wewe ya e ni chanya, basi hakuna mjadala. Kirusi hakishuki kwa siku mbili. Vidonge ulivyoviacha wiki hizi tatu ni wiki tatu zilizopotea, na sikuelewi, mtu aliyesomesha wenzake hesabu skuli nzima.

Hesabu basi. Karatasi uliyonipigia picha: AST, kimeng'enya cha ini, 30, kikomo cha maabara 40, chembe sahani za damu 210. Gawa 30 kwa 40, upate 0.75. Gawa kwa 210, zidisha kwa 100: 0.36 hivi. Muongozo huo unasema ikizidi 0.5 ini limeanza kupata makovu, basi wewe bado. Alhamdulillahi. Lakini ALT yako, kimeng'enya kingine cha ini, ni 24, wameiandikia "kawaida" kwa sababu karatasi yao ina kikomo kimoja kwa wote. Kwa mwanamke kikomo ni 19, kwa mwanamume 30. Kwa hiyo ukishazaa usiache vidonge kwa kuwa umepona uchovu. Daktari akuamulie, na akikuachisha, vipimo vya ini virudiwe miezi sita ya mwanzo, maana hapo ndipo kinapoibuka. Mwambie pia habari ya bibi yako mzaa mama. Lile tumbo lililojaa maji tuliliita jina jingine pale nyumbani, wakaitwa hata watu wa kusoma dua, na mimi niliyekuwa najua jina lake la kweli, ugonjwa wa ini, nilikaa barazani nikanyamaza. Historia hiyo kwenye familia ni sababu mojawapo ya kuendelea na matibabu, isifichwe.

Mama yako amepimwa Jumatatu. Ndiyo, anacho. Chanjo hii iliingia ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, na wewe ulikuwa ushazaliwa. Lakini kipimo kilikuwepo kabla ya hapo, na mimi nilikuwa nakipita kabatini kazini kila asubuhi. Ameandikiwa picha ya ini ya mawimbi ya sauti kila miezi sita, kwa kuwa uvimbe ukiwahiwa ukiwa chini ya sentimita 3 unatibika. Ndugu zako wote wawili wapimwe, nimewaambia, mmoja kaniitikia.

Mumeo je? Umeandika karatasi mbili na yeye hayumo. Apimwe. Akiwa hana kirusi wala kinga, achanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Hii si habari ya lawama, umeipata kabla hujamjua. Kula sahani moja hakuambukizi, kunyonyesha hakuambukizi, nyonyesha kama kawaida. Wembe na mswaki kila mtu wake. Wala usikubali kupasuliwa kwa sababu ya B peke yake.

Mtoto akifika miezi 9 mpaka 12 apimwe damu, antijeni na kinga, ndipo tutajua. Kabla ya hapo majibu huchanganya.

Njugu za kusaga alizotaka kukuletea mama yako nimezizuia. Gunia lilirowa mvua ya masika, nusu zimepiga ukungu wa kijani, na sumu ya ukungu ule haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Sumu hiyo na B vikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani inazidi kuliko kila moja peke yake. Amesema atazichambua. Nimezitupa. Atakuletea ndizi na pweza mkavu. Mizizi ya kuchemsha ya jirani usinywe hata tone. Kahawa nasikia inalinda ini, na wa barazani wamefurahi mno kusikia hivyo, lakini wewe na mimba hiyo usizidishe vikombe viwili.

Karafuu mwaka huu si nyingi, mikarafuu ya bondeni imebeba kidogo. Nauli ya mama yako imo. Bati la jikoni nitalibadilisha akiwa hayupo, asinisimamie.

Siku ikifika, inshallah, usinitumie picha ya mtoto kwanza. Nitumie ya kadi yake, palipoandikwa saa ya kuzaliwa na saa ya chanjo.

Wassalaam,
Baba yako