Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: utafiti katika idara za tiba ya viungo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: NAFASI YA UTAFITI KATIKA IDARA ZA TIBA YA VIUNGO

Ninakuandikia nikiwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Ninaomba utafiti utambuliwe kuwa sehemu ya kazi ya idara zetu, upewe muda na msimamizi, badala ya kuachiwa mwenye moyo aufanye usiku kwa fedha zake.

Pale ninapofanya kazi kuna daftari kubwa lenye safu za tarehe, jina, umri, ugonjwa na matibabu aliyopewa mgonjwa. Safu ya matokeo haimo. Mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi ataandikiwa "mazoezi" kila anapokuja, mpaka siku atakapoacha kuja, na daftari halitatuambia kama alipona, alikosa nauli au alifariki. Mwisho wa mwezi tunahesabu waliohudumiwa, jumla inapelekwa juu, na daftari likijaa linafungiwa kabatini. Ilhali kipimo cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi, ambacho kimejulikana katika taaluma yetu tangu 1991, kinahitaji kiti, utepe wa kupimia na saa tu, na hakimalizi hata dakika 5. Kikifanywa siku ya kwanza na kurudiwa kila mwezi, daftari lile lile litaanza kujibu maswali.

Na maswali yenyewe ni yetu. Sehemu kubwa ya ushahidi tunaoutegemea hutoka katika nchi tajiri, ambako aliyepata kiharusi anaweza kulazwa wiki kadhaa akifanyishwa mazoezi karibu kila siku. Huyu wetu anatoka Kayole au Mukuru, anashikiliwa na mwanawe mpaka stejini, analipa nauli ya matatu ya watu wawili, na akijitahidi sana tunamwona mara mbili kwa mwezi. Ni mazoezi gani, yafanywe mara ngapi nyumbani na chini ya uangalizi wa nani, ndiyo yatakayomwinua mtu wa hali hiyo? Na kijana aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda, ambaye asipofanya kazi leo hali leo, arudishwe kazini kwa hatua zipi? Tunawashauri kwa uzoefu, na kwa miongozo iliyoandikwa kwa kumfikiria mgonjwa mwingine kabisa. Hilo linanisumbua, na nadhani lingemsumbua yeyote anayewajibika kwa afya ya wananchi.

Wataalamu hatukosi. Wapo wenzangu wenye shahada za uzamili, na wanafunzi wa vyuo huja kukusanya data kwa wagonjwa wetu. Tasnifu huenda chuoni, hupewa alama, na idara haioni hata nakala. Mwenzangu mmoja kijana alipotaka kufuatilia wagonjwa wa maumivu ya mgongo aliambiwa afanye hivyo baada ya saa za kazi, kwa kuwa foleni ni ndefu. Ni ndefu kweli, sibishi. Lakini katika foleni hiyo wamo watu wanaorudi wiki baada ya wiki kwa tiba ya joto, nasi hatujawahi kupima kama inawafaa kuliko mazoezi.

Sheria ziko upande wetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na hazina ya taifa ya utafiti, Sheria ya Wafiziotherapia (yaani wataalamu wa tiba ya viungo) ya 2014 ikatupa baraza letu, na Sheria ya Afya ya 2017 inauzungumzia utafiti waziwazi. Kinachokosekana ni waraka wa kuyafikisha hayo katika chumba cha mazoezi.

Waraka huo uipe kila idara nusu siku kwa wiki isiyopangiwa wagonjwa wa kliniki, na mtumishi mmoja ambaye utafiti umeandikwa katika majukumu yake na hupimwa katika tathmini yake ya kila mwaka. Uingize safu ya matokeo katika daftari. Chuo kinachochukua data kitakiwe kurudisha majibu, na mwanafunzi ayaeleze mbele ya idara. Kamati za maadili zisipunguziwe nguvu hata kidogo, kwa kuwa mgonjwa lazima aridhie na taarifa zake zilindwe kama inavyoagiza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ila idara inapokagua huduma yake yenyewe, ipewe njia fupi ya idhini isiyo na ada.

Najua kwamba hospitali za Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ziko chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, hivyo waraka wa wizara pekee hautazifikia kikamilifu. Kwa sababu hiyo ninaomba wizara, kaunti na baraza letu wakutane kabla ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha kusomwa mwezi Juni, ili nusu siku hiyo na mtumishi huyo wapangiwe fedha.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa tiba ya viungo, Nairobi