Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: daraja likifunguliwa, nani atashuka Pangani?

Mheshimiwa Waziri,

Daraja la Mto Pangani, lenye urefu unaozidi mita 500, likifunguliwa, gari linalotoka Tanga kwenda Saadani na Bagamoyo halitakuwa na sababu ya kusimama kwetu. Daraja tunalitaka. Aliyewahi kukwama na mgonjwa upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, pantoni imelala, hahitaji kushawishiwa. Ila foleni ya pantoni ndiyo soko la wauza madafu, samaki wa kukaanga na mama lishe. Foleni ikiisha, cha kumshusha msafiri ni mji wenyewe, na mji wenyewe unabomoka.

Hapa ndipo misafara ilipoteremsha pembe za ndovu kutoka bara. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake, wenyeji walikataa, vita vya Abushiri bin Salim vikawaka. Abushiri alinyongwa hapa hapa, tarehe 15 Desemba 1889.

Nyumba za matumbawe na boriti za mikoko zilizobaki zinamalizwa na kitu kisicho na uadui wowote: saruji. Mwenye nyumba akiona lipu inamomonyoka humwita fundi, naye hupiga saruji kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unyevu. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Mwenye nyumba ametumia fedha zake kuiharibu nyumba yake, na hakuna aliyemwambia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Boma letu, linaloelezwa kuwa la 1810, limo. Majengo ya enzi ya Wajerumani na nyumba nyingine za baada ya mwaka huo hazimo, mpaka wewe uzitangaze katika Gazeti la Serikali. Naomba utangaze mtaa wote wa kando ya mto, si jengo moja moja.

Tangazo peke yake halitoshi, hilo tunalijua kuliko wengi: Kisiwa cha Maziwe, kilicho baharini karibu na mji wetu, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na leo maji yakijaa hakionekani. Kwa hiyo tangazo lije na mafundi. Vijana wetu wafundishwe kupiga chokaa, ambayo inachomwa mkoani humu humu Tanga, na mwenye nyumba apunguziwe gharama akikubali kuitumia.

Eneo la gati ya pantoni nalo litabaki wazi. Tusije tukasikia limeshagawiwa mwekezaji kabla wauza madafu hawajaulizwa.

Mkazi wa Pangani Mjini