Barua kwa mwanangu: wale madaktari wa Endell Street

Mwanangu,

Simu yako ya Jumapili imenikaa kichwani wiki nzima. Uliponiambia yule daktari mkubwa wenu alivyokuangalia mikono halafu akasema mbele ya wenzio eti we nenda zako kwenye watoto au wazazi, mifupa inataka nguvu za mwanaume, nilinyamaza nikajifanya mtandao unakata. Haukukata. Nilikuwa natafuta la kukuambia nikakosa, na unanijua mimi na mdomo wangu. Sasa nimelipata, ni habari ya madaktari wanawake wa hospitali ya Endell Street kule London, ndo nakuandikia, tena ndefu, soma ukiwa umeshakula.

Hiyo ya nenda kwenye watoto na wazazi wala hajaitunga yeye mama, ina zaidi ya miaka 100. Kule Uingereza kulikuwa na mama mmoja, Elizabeth Garrett Anderson, na huyu nampenda kwa sababu alianzia unesi kama mimi. 1860 aliingia Hospitali ya Middlesex pale London kama nesi, akawa anajipenyeza kwenye vipindi vya madaktari, akajibu maswali wenzie wa kiume wameshindwa, wakaandika barua kwa uongozi atolewe na kweli akatolewa. Akatafuta akaona chama cha wauza dawa, Society of Apothecaries, sheria zao hazijasema popote kwamba mwanamke haruhusiwi, akafanya mtihani wao, 1865 akapata leseni, na wao haraka haraka wakabadilisha sheria asipite mwingine. Digrii yenyewe akaifuata Ufaransa, kwa Kifaransa, 1870. Halafu akafungua hospitali yake London, madaktari wanawake, wagonjwa wanawake. Hapo ndipo walipoachiwa. Wanawake na watoto basi, mgonjwa mwanaume wasimguse.

Sasa huyo mama akazaa binti, Louisa, naye akawa daktari wa upasuaji. Na huyu alikuwa mtundu kuliko mama yake, 1912 alivunja dirisha kwenye fujo za kudai kura ya wanawake akafungwa gereza la Holloway, na mwenzie Dokta Flora Murray yeye kazi yake ilikuwa kuwatibu wale wanawake wanaotoka jela wamegoma kula wakalishwa kwa nguvu kwa mrija wa mpira. Mwaka huohuo wawili hawa wakafungua kahospitali ka watoto mtaa wa Harrow Road. Watoto tena, unaona.

1914 ikaja vita kuu ya kwanza. Walijua wakienda kuomba kazi jeshini kwao watafukuzwa mlangoni, kwa hiyo hawakwenda, wakapita kwa Wafaransa. Wafaransa wakawapa hoteli Paris, Claridge, jengo jipya halijaisha vizuri, na chumba cha kunawia cha wanawake wakakigeuza thieta ya upasuaji. Madaktari ambao hawajawahi kumfungua mwanaume, siku chache tu wako na miguu iliyosagwa na mabomu, vidonda vimejaa udongo wa mashambani na samadi, vinanuka kabla hata hujafunua. Unafikiri walijiona wako tayari? Mimi sidhani. Ila mgonjwa yuko mezani utafanyaje.

Habari zikafika jeshini London, na mkuu wa tiba wa jeshi, Sir Alfred Keogh, akawaita mwanzoni mwa 1915 akawaambia njooni mniendeshee hospitali hapa. Wakapewa jengo la zamani la maskini mtaa wa Endell, ikafunguliwa Mei, vitanda 573. Daktari mwanamke, anayelaza usingizi mwanamke, maabara mwanamke, meno mwanamke, stoo mwanamke, wanaume walikuwa wachache wa kuhesabu tu. Wapo waliosema miezi sita haifiki itafungwa. Ilikaa mpaka mwishoni mwa 1919, wakatibu watu kama 26,000 na operesheni zaidi ya 7,000.

Sasa njoo kwenye hiyo habari ya nguvu. Majeruhi walikuwa wanakuja usiku, treni inawashusha, magari ya wagonjwa yanaingia uani pale kengele inalia, na wanaotoka kuwashusha ni wasichana. Wengine watoto wa matajiri, nyumbani hata beseni hawajawahi kubeba, sasa machela ina mwanaume mzima na buti zake na tope lake, wawili huku wawili kule, mpaka kwenye lifti mpaka wodini. Usiku wa manane. Na wanaorudisha mifupa mahali pake na kuvuta mapaja yaliyovunjika ni Louisa na wenzie. Mwambie yule bwana wako. Au usimwambie, una tathmini yake ya kupita, mwambie ukishamaliza.

Kitu kilichonigusa zaidi lakini sio hicho, ni dresingi, yaani kusafisha na kufunga vidonda. Wewe umekuta mambo ya kisasa, mimi nimeanza kazi gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda, tunakata wenyewe usiku, na nakumbuka kijana mmoja wa ajali ya lori, kidonda cha paja, kila asubuhi akisikia toroli langu linalia tairi anaanza kushika chuma cha kitanda. Gozi imegandia usiku kucha. Namwaga maji ya chumvi nasubiri, namwaga tena nasubiri, na bado ukivuta anavuja jasho usoni kama amemwagiwa maji, na siku inayofuata yaleyale. Nilimfanyia hivyo wiki tano. Basi pale Endell Street kulikuwa na wanaume wa hivyo mamia, na penisilini haijagunduliwa mpaka 1928. 1916 kuna profesa wa Newcastle, Rutherford Morison, alikuwa na dawa yake nzito ya kupaka, ameichanganya bismathi, iodofomu na parafini, wanaiita BIPP kwa herufi. Unakisafisha kidonda vizuri ukiwa umemlaza mgonjwa, unakata kilichooza, unapaka ile dawa, unafunga, unakiacha. Siku kadhaa bila kukigusa! Louisa na Dokta Helen Chambers wa maabara wakaijaribu kwa wagonjwa wengi, wakaandika matokeo kwenye jarida la Lancet. Nilivyosoma hapo nikamkumbuka kijana wangu wa lori. Kwa hiyo mwanangu, hao hawakukaa kuthibitisha kwamba mwanamke anaweza, walikaa wakiangalia kidonda na kuandika, leo kimekuwaje kesho kimekuwaje. Wewe nawe ukimaliza raundi andika, hata kama faili lina mafuta ya chapati.

Wodi zao waliweka maua na mablanketi ya rangi, na laibrari, wanajeshi wakapewa sindano na nyuzi wadarizi ili mawazo yapungue. Kuna watakaosema hayo ni mapambo, sio tiba. Mimi nimelala wodini nikiwa mgonjwa, ukuta umebanduka rangi naangalia mkwaruzo uleule siku tisa, nisibishane na mtu kuhusu maua.

Malipo yao sasa. Mshahara wa kiofisa walipewa, cheo chenyewe hawakupewa, yaani unaendesha hospitali ya jeshi na sio mwanajeshi kamili. 1917 Louisa na Flora wakapewa nishani ya heshima ya Uingereza, CBE. Februari 1918 wanawake wa Uingereza wakapata kura, tena sio wote, wa miaka 30 kwenda juu wenye masharti yao. Ikaja ile homa kali ya mafua 1918, wodi zikajaa upya wakati watu wanadhani kazi imeisha. Halafu vita ikaisha, wanaume wakarudi, na vyuo vya udaktari London vilivyokuwa vimefungua mlango kwa wasichana wakati wa vita, vingi vikaufunga tena miaka ya 20. Kahospitali kao ka watoto ka Harrow Road nako kakakosa hela kakafungwa 1921. Sikufichi hilo. Ningekuandikia ushindi mtupu ungenijua tu nakudanganya.

Nakurudisha nyuma kidogo, Septemba 1914, wakati wanaondoka London kwenda Paris na maboksi yao ya dawa. Yule mama, Elizabeth, nesi wa zamani, ana miaka 78, alikwenda stesheni ya Victoria kumsindikiza binti yake. Mtu akamuuliza huoni fahari, akajibu ndiyo, na angekuwa mdogo kwa miaka 20 angewapeleka yeye mwenyewe. Alikufa 1917 hospitali ya binti yake inafanya kazi. Hapo nilisoma mara tatu, miwani nikavua nikafuta, nikavaa tena.

Mimi hata nikipunguziwa hiyo 20 sijui kushika kisu, najua gozi tu na kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Vile viatu vya thieta ulivyosema vinakubana kidole nimekutafutia Kariakoo (na jina hilo unajua lilivyokuja, ni wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo kwenye vita hiyohiyo, wao hawakuwa na hospitali ya maua), namba 39, vya mpira havitelezi, nimekuwekea na dagaa na pilipili ya kusaga kwenye boksi moja ila nimefunga mbalimbali usiogope. Linaondoka na basi la kesho alfajiri, kondakta nitakutumia namba yake. Kapokee mwenyewe, usimtume mtu.

Mama yako