Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usimamizi wa Taasisi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wahitimu wenzetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Kwa ridhaa ya uongozi wa chuo, tungependa kuitumia risala hii kuzungumzia somo moja tu kati ya yale tuliyofundishwa, nalo ni ulinganishaji wa utendaji, yaani taasisi kupima namna inavyofanya kazi zake na kujilinganisha na wanaozifanya vizuri zaidi, kwa nia ya kujirekebisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, utaratibu huu ulipata umaarufu kupitia kampuni ya Xerox ya Marekani, ambayo mwaka 1979 ilianza kuchunguza mashine za kunakili za washindani wake wa Japani na kubaini kwamba zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyokaribiana na gharama ya Xerox yenyewe kutengeneza za kwake. Hata hivyo, kilichotuvutia zaidi ni hatua iliyofuata. Ilipotaka kurekebisha kazi za ghalani, kampuni hiyo ilikwenda kujifunza kwa L.L. Bean, wauzaji wa nguo na viatu kwa njia ya posta. Huko bidhaa zinazoagizwa mara kwa mara zilikuwa zimewekwa karibu na njia anayopita mchukuaji, ili asitembee umbali mrefu pasipo sababu. Buti na mashine ya kunakili havina udugu, lakini kutoa mzigo rafuni ni kazi ile ile. Ilipofika mwaka 1989, kitengo cha bidhaa za biashara cha Xerox kilitunukiwa Tuzo ya Taifa ya Ubora ya Malcolm Baldrige.

Mfano wa pili unatoka hospitalini. Madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Great Ormond Street, jijini London, walikuwa na wasiwasi kuhusu dakika chache ambazo mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo huhamishwa kutoka chumba cha upasuaji hadi chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa mashine, mirija na maelezo ya mgonjwa vyote hukabidhiwa kwa pamoja, huku watu wengi wakizungumza kwa wakati mmoja. Waliomba ushauri kwa timu ya Ferrari ya mashindano ya magari ya Formula 1, ambayo mafundi wake huhudumia gari kwa sekunde chache, kila mmoja akijua nafasi yake na mmoja akiwa ndiye mwelekezaji. Hospitali ikaweka utaratibu mpya: daktari wa usingizi aongoze makabidhiano, vifaa viunganishwe kwanza, kisha ndipo maelezo yatolewe. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wastani wa makosa ya kiufundi katika kila makabidhiano ulishuka kutoka 5.42 hadi 3.15.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndiyo maana hatuoni faida ya ziara za mafunzo ambazo msafara hupokelewa, husomewa taarifa, hupiga picha ya pamoja na kurejea na makabrasha ambayo hayafunguliwi tena. Mara nyingi kasoro ya ziara hizo huanza kabla ya safari: waliotumwa hawakupima kwanza hali ya kwao, hivyo hawajui waulize nini, na pengine watendaji wanaoifanya kazi yenyewe wameachwa nyumbani.

Vipimo navyo vinahitaji uangalifu. Taasisi mbili zinaweza kutangaza kwamba humhudumia mteja kwa dakika kumi, ilhali moja huanza kuhesabu anapoingia mlangoni na nyingine anapoitwa dirishani. Baina yao kuna foleni nzima ambayo haikuhesabiwa. Isitoshe, kipimo kikigeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia watumishi, watumishi watajifunza kukipendezesha kipimo, na huduma itabaki ilivyokuwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunarejea makazini tukiwa tayari kuanza na kulinganisha idara zetu wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa ndiyo njia nafuu na takwimu zake zinapatikana, ingawa tunakiri kwamba anayejilinganisha na jirani wa ofisi moja hatafika mbali. Kwa hiyo tunakuomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kuzishawishi taasisi zikubaliane kubadilishana taarifa za utendaji kwa utaratibu wa maandishi, unaolinda siri za kila upande na unaomtaka anayeomba taarifa awe tayari kutoa za kwake. Pili, utumie nafasi yako kuhimiza kwamba kila ripoti ya ziara ya mafunzo itaje kazi itakayobadilishwa, msimamizi wa mabadiliko hayo na tarehe ya kupima tena.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.